Droni ya Masafa Marefu: Ukiwa Juba, Anza na Betri

Anayetaka kujiundia droni ya kwenda mbali karibu kila mara huanza kwa kuuliza inchi: propela ya 5, ya 7 au ya 10? Kwa mkazi wa Shenzhen swali hilo halina ubaya. Akikosea leo, kesho anateremka dukani. Juba mambo ni mengine. Hapa mota, fremu na antena huja kwa ndege kupitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa, au hupanda na lori kwa barabara ya Nimule, na ukiagiza kitu kisichofaa utakaa sana ukisubiri kingine. Ndiyo maana mimi humshauri mtu aanze na betri: ipi itaruhusiwa kupanda ndege, na itamrudisha nyumbani kutoka umbali gani. Akishayajibu hayo mawili, inchi zinajichagua zenyewe.

Ila kabla ya betri kuna karatasi. Sudan Kusini si mahali pa kurusha kwanza na kujieleza baadaye. Kupiga picha tu hadharani mjini Juba kunahitaji kibali, sembuse kupiga kutoka angani. Ruhusa ya kuruka huombwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Sudan Kusini, na vyombo vya usalama navyo vina neno lao. Usidhani barua ya mmoja itamtosha mwingine. Uwanja wa ndege wa Juba umo ndani ya mji, na helikopta za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada huonekana zikipita chini chini. Juu ya hayo, vita vya Sudan vimewazoesha watu wa ukanda huu maana nyingine kabisa ya mlio wa droni: Mei 2025 mashambulizi yake yalifika hadi Port Sudan. Askari wa kizuizini akifungua begi lako akakuta fremu ya inchi 7, miwani ya video na antena, atawaza picha za vitani kabla ya kuwaza picha za harusi, na si wa kulaumiwa. Kibali chako kiwe na jina la mrushaji, namba ya kifaa, eneo na tarehe, na nakala isikutoke mfukoni. Tena ombi lieleze waziwazi kwamba unakusudia kuruka mbali kuliko macho yanavyofika, kwa sababu jambo hilo katika nchi nyingi lina ruhusa yake ya pekee. Asiye na chuo, gazeti, shirika au mradi nyuma yake atapata taabu kukubaliwa. Ni heri alijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Njiani nako kuna masharti. Kwa kanuni za Kenya za mwaka 2020, droni haiingizwi nchini humo bila kibali cha KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, na huko Entebbe isiyo na karatasi ina hatari ya kubaki forodhani.

Sasa betri. Mashirika ya ndege hupima betri za lithiamu kwa wati-saa, yaani volti mara ampia-saa. Isiyozidi 100 abiria huibeba kwenye begi la mkononi, ncha zimezibwa kwa tepu. Ya kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika, na za akiba zisizidi mbili. Inayozidi 160 haipandi ndege ya abiria hata kwa kubembeleza. Inabidi isafirishwe kama mzigo wa hatari, kwa gharama yake na karatasi zake.

Droni za masafa marefu hutumia seli za lithiamu-ioni, ndugu wa zile za kwenye tochi kali na baiskeli za umeme, badala ya betri laini za lipo zinazotumika kwenye mashindano. Ioni hubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, lakini haipendi kukamuliwa kwa ghafla. Seli ya ukubwa wa 21700 kama Molicel P42A ina mAh 4,200 na uzito wa gramu 70 hivi. Ukiziunga 6 kwa mfululizo unapata pakiti ya wati-saa 91 yenye gramu 450 pamoja na nyaya. Hiyo inapita uwanjani. Ukiziunga 12, mistari miwili ya 6, unafika wati-saa 181, na mlango umefungwa.

Pakiti hiyo ya seli 6 ndiyo inayoamua mengine yote. Inafaa sana kwenye droni ya inchi 7 yenye uzito wa kilo 1 na kitu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, bila mbwembwe, tarajia dakika 20 hivi angani, yaani kilomita 20 kwa jumla. Kwa jumla, nasema. Wauzaji hupenda kutaja namba ya kwenda tu, kana kwamba droni ni barua. Ukigawa kwa mbili na kutoa akiba, unageukia kilomita 7 au 8. Upepo nao una hesabu yake. Ukienda kilomita 8 ukisukumwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa, utafika kwa dakika 6. Kurudi ukipambana nao ni dakika 12. Kiangazi cha Juba upepo hutoka zaidi kaskazini-mashariki, na masika hutoka kusini. Kwa hiyo anza safari kwa kuukabili upepo, ili uchovu wa betri ukukute wakati unasukumwa kurudi nyumbani.

Inchi 5 ni nzuri kwa kujifunzia na kwa michezo, lakini ukiipachika pakiti ya gramu 450 inakuwa mzigo juu ya mzigo: propela ndogo lazima zizunguke kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, na umeme unaishia kwenye kelele. Inchi 10 inavutia kwenye karatasi. Inabeba kamera nzito, inatulia kwenye upepo. Lakini betri inayoistahili ni ile isiyopanda ndege, propela zake zikimgusa mpita njia ni jeraha la hospitali, na kwa macho ya walinzi ndiyo inayofanana zaidi na silaha. Ninaikataa kwa Juba, na sijaona sababu ya kiraia ya kunibadilisha. Ziko pia ndogo za inchi 4, za aina ya Flywoo Explorer, zenye uzito usiozidi gramu 250 bila betri, zinazotumia seli 4 za 18650. Hewa ikitulia zinakaa angani kushinda umbo lao. Upepo wa alasiri ukianza, zinarudi kwa shida. Mwanafunzi mwenye pesa chache ningemwanzishia hiyo, asubuhi tu.

Wako watakaosema kilomita 8 ni kidogo. Ni kweli, ni kidogo, na dawa yake si inchi zaidi. Ni mabawa. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ walipeleka dawa kwa droni kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Chombo kile kilipaa wima kama helikopta, kisha kikalaza rafadha zake na kuruka kama ndege. Mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba ulioanza 2016, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki, ulitumia eBee, kibawa chepesi cha povu. Zipline pale Rwanda nao ni mabawa tangu 2016. Bawa hubebwa na hewa. Droni ya propela nne hujibeba yenyewe kila sekunde, na ikizima inaanguka kama jiwe. Hata sensa ya wanyama ya 2023 iliyohesabu swala wapatao milioni 6 wa Boma, Badingilo na Jonglei ilifanywa kwa ndege zenye marubani, kwa sababu eneo lilizidi kilomita za mraba 120,000. Kwa hiyo ukitaka kuchora ramani ya kingo za mafuriko ya Bentiu yote, usijenge chombo ninachokieleza hapa. Ukitaka kutazama ukingo mmoja wa Bor uliobomoka, au kupiga filamu ya mto na visiwa vyake, inchi 7 ndiyo saizi yake.

Joto ni mada ambayo miongozo iliyoandikwa Ulaya haiifahamu. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 ikafunga tena. Hewa yenye joto ni nyepesi. Juba iko mita 460 hivi juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 38, hewa yake ina uzito pungufu kwa asilimia 12 kuliko ile ya pwani yenye nyuzi 15 ambayo watengenezaji huitumia katika vipimo. Propela inapata pungufu kama hilo la msukumo. Chagua basi mota zenye nafasi: za kiwango cha 2806.5 au 2807, zenye KV 1,300 hivi kwa seli 6. Usishawishike kuchukua mota nyepesi zaidi ili kuokoa gramu chache. Ruka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, hewa ikiwa baridi na nzito, upepo umelala. Pakiti iliyotoka angani ikiwa ya moto isichajiwe mpaka ipoe kivulini, na isilazwe kwenye dashibodi ya gari.

Tukifika kwenye video, ndipo pesa nyingi zinapotea. Kuna makundi mawili. Analogi ya gigahezi 5.8 ni ya zamani, rahisi na nafuu. Picha yake ni mbovu, lakini inaharibika taratibu. Chenga huanza, zikaongezeka, na rubani anapata muda wa kugeuka. Dijitali, yaani DJI O3 ya mwaka 2022 na O4 ya 2025, Walksnail Avatar, na HDZero, hutoa picha safi. Miongoni mwao HDZero ndiyo yenye tabia iliyo karibu zaidi na analogi. Za DJI huonyesha uzuri mpaka dakika ya mwisho, kisha picha inaganda, na ukigandishiwa picha kilomita 6 kutoka nyumbani ndipo utajua thamani ya chenga.

Hata hivyo, kwa inchi 7 mimi huchagua dijitali inayojirekodi yenyewe, na sababu yangu ni uzito kuliko uzuri. O3 hurekodi kwa ubora wa 4K ndani ya chombo. Mwenye analogi akitaka picha za kuonyesha watu lazima abebe GoPro ya gramu 150, yaani theluthi nzima ya uzito wa pakiti yetu, na gramu hizo zinalipwa kwa dakika. Dawa ya kuganda huko ni nidhamu. Weka kasi ya data mbele ya macho, na ikishuka chini ya megabiti 10 kwa sekunde, geuka, usisubiri imalizike. Anayejifunza, au mwenye droni ya inchi 4 asiyejali kurekodi, abaki na analogi na pesa zilizobaki anunue propela.

Tahadhari na namba za kwenye boksi. DJI hutangaza kilomita 10 kwa O3 kwa viwango vya Marekani, na kilomita 2 kwa kifaa hichohicho kwa viwango vya Ulaya, ambavyo hubana nguvu. Zote zimepimwa uwanda wazi usio na mwingiliano. Nguvu ipi unaruhusiwa kutumia Juba ni swali la Mamlaka ya Kitaifa ya Mawasiliano, na liingie katika barua zako za kibali. Na hata ukiruhusiwa, kuongeza nguvu ni njia ghali ya kununua umbali: ili kuzidisha umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Kutoka miliwati 200 hadi 800, kwa mfano, na kila miliwati inatoka kwenye betri na kuongeza joto. Antena nzuri ya bapa inayoelekea unakoruka, ikisimamishwa juu ya mlingoti wa mita 3, hukupa faida hiyohiyo bila kuchoma kitu. Transmita ya video iliyowashwa mezani kwa nyuzi 40, bila upepo wa propela, hupata moto kwa dakika chache tu na hujipunguza nguvu au kuzima. Weka feni ndogo wakati wa kuprogramu. Na usiiwashe kamwe bila antena. Inaungua.

Mawimbi ya 5.8 hayapendi majani. Mwembe mmoja wenye majani mabichi kati yako na droni ni ukuta, na kingo za Nile zimejaa miembe na miarobaini. Jebel Kujur upande wa magharibi ni ukuta wa kweli: ukipita nyuma yake hakuna nguvu itakayokuokoa. Tena kuona kwa mstari ulionyooka hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari huo. Katika safari ya kilomita 10, pale katikati, ni kama mita 11 pande zote kwa 5.8. Anayeruka kilomita 7 akiwa mita 15 juu ya nyasi anajidanganya. Panda, lakini ndani ya urefu ulioandikwa kwenye kibali.

Utasikia wakongwe wakisifu video ya gigahezi 1.3. Inapenya miti kweli. Lakini iko jirani na mawimbi ya usafiri wa anga, inasumbua GPS, na masafa yake ya mara mbili (hamoniki) yanakaribia 2.4 ambako rimoti nyingi zinafanya kazi. Katika mji wenye uwanja wa ndege katikati, achana nayo.

Kuhusu rimoti nitasema jambo moja ambalo wauzaji wa mtandaoni hawakuulizi. Mifumo ya Crossfire na ExpressLRS inauzwa kwa megahezi 915 na kwa 868. Ile ya 915 imetengenezwa kwa Amerika. Upande wetu wa dunia eneo hilo limekaliwa na simu: GSM 900 hutumia 890 hadi 915 kutoka kwenye simu kwenda mnarani na 935 hadi 960 kurudi, na Juba minara ya MTN na Zain haikosi machoni. Chukua 868, au ExpressLRS ya 2.4, ambayo kwa kilomita 8 inatosha na antena zake ni fupi. Kanuni yangu ni kwamba rimoti ifike mbali kuliko video, na video ifike mbali kuliko betri. Ukipoteza picha bado unaweza kuiamuru droni irudi. Ukipoteza rimoti, GPS iirudishe yenyewe: programu ya INAV hufanya kazi hiyo vizuri, na Betaflight nayo ina mfumo wa uokoaji. Jaribu kurudi huko ukiwa mita 200, droni machoni pako, kabla ya kuutegemea kwenye kilomita 7. Na usipae mpaka GPS imepata setilaiti za kutosha na kuandika mahali pa nyumbani. Droni isiyojua kwao itarudi popote.

Katika kuunganisha, mambo machache ndiyo huharibu video. GPS iwe mbali na transmita, juu ya kinguzo chake. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 na volti 35 ichomelewe pale nyaya za betri zinapoingia, la sivyo mistari ya mota itacheza kwenye picha. Vumbi la kiangazi huingia kwenye soketi na kwenye kengele za mota. Brashi ya rangi inatosha kulitoa, usitumie maji. Katika soko la Konyo Konyo utapata waya, tepu na vifaa vya kulehemu, na Luthuli Avenue ya Nairobi hutoa sehemu nyingi za elektroniki, lakini propela za inchi 7 agiza jozi nyingi kuliko unavyodhani, pamoja na mota moja ya ziada na antena mbili. Kikomo cha kutua kwa seli za ioni weka volti 3.0 kwa kila seli. Zina uwezo wa kushuka zaidi, lakini uhai wake hupungua.

Mwisho ni mahali. Chagua ardhi wazi, mbali na uwanja wa ndege, madaraja, kambi na vizuizi, na uwe na mwenzako asiyevaa miwani, kazi yake ni kuangalia anga na kusikiliza helikopta. Ikisikika, shuka mara moja.

Na droni ikianguka porini, usiifuate mbio. Sudan Kusini bado ina mabomu ya ardhini na mabaki ya mabomu ya vishada kutoka vita vilivyopita, hata katika maeneo yasiyo mbali na Juba. Hifadhi video yenye viwianishi vya mwisho, nenda kwa wenyeji wa hapo, waulize kama watu hulima au hupitisha ng'ombe mahali hapo. Wakikuonyesha njia wanayoitumia kila siku, pita hapohapo uchukue mali yako. Wakisema hapo hapapitwi, droni imekwenda. Toa taarifa kwa aliyekupa kibali, na anza kuweka akiba ya nyingine.